Namna ya kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kuandika habari yake mwenyewe

Kila Januari shule zikifunguliwa na walimu wapya wakaripoti, swali linalonifikia ni lilelile. "Mwalimu, hawa watoto uwanjani wanapiga soga mpaka kengele inalia. Nikiwaambia waandike insha, kimya. Mistari miwili, kalamu chini. Nifanyeje?" Nimelijibu barazani nje ya ofisi, nimelijibu ndani ya Hiace ya kwenda Tukuyu, na nimelijibu kwa simu usiku. Sasa naliandika jibu lote mahali pamoja, ili ukilihitaji ulikute.

Nafundisha Kiswahili kwenye milima ya Uporoto, kati ya Mbeya mjini na Tukuyu. Watoto wangu wengi ni wa wakulima wa viazi, na nyumbani wanaongea Kinyakyusa au Kisafwa. Kama wewe uko Makete, Mufindi au Kilolo, pale ninaposema viazi weka ngano, chai, mbao au nyanya. Hatua hazibadiliki.

Mwongozo huu ni wa darasa la tatu hadi la tano. Wa darasa la kwanza na la pili wana KKK yao (kusoma, kuandika na kuhesabu), na kama una mtoto wa darasa la tatu ambaye bado anakwama kwenye silabi, mrudishe kwanza kwenye silabi. Ukimpa insha unamwonea.

Nadharia ninayoitumia ni moja tu: mtoto anaandika kile alichokwisha kukisema. Asipokuwa amekisema kwa mdomo, kwa mtu anayemsikiliza, ukurasa utabaki mtupu. Sisi walimu tumezoea kuiruka sehemu hiyo, na sababu naijua. Kwa miaka mingi sehemu ya utungaji kwenye mtihani wa darasa la saba imekuwa ya kupanga sentensi zilizochanganywa ili zilete mtiririko. Basi tunafundisha kupanga. Mtoto anamaliza shule akiwa hodari wa kupanga sentensi za mtu mwingine, na hajawahi kutunga aya moja ya kwake.

Andaa hivi kabla hujaingia darasani

- Daftari moja la mistari kwa kila mtoto, la utungaji peke yake. Kurasa 40 zinatosha muhula. Nyuma ya daftari hilohilo ndipo pa kuandikia rasimu, mbele ni nakala safi.
- Penseli, hata kwa darasa la tano. Weka akiba mezani kwako, zilizokwisha kuchongwa. Kipindi kinapotea hivi hivi wakati watoto kumi wanagombea kichongeo kimoja. Wembe usiruhusu darasani.
- Karatasi kubwa za kuandikia pamoja. Manila zikikosekana, pasua mfuko wa saruji, kung'uta vumbi vizuri, tumia karatasi ya ndani. Inashika makapeni, yaani kalamu nene ya wino, bila shida.
- Saa unayoiona ukiwa umesimama ubaoni.
- Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, mara moja kwa wiki. Ukipata kimoja tu, fanya hatua ya 1 hadi ya 4 leo na zilizobaki kesho. Usizibane zote ndani ya dakika 40.

Na jambo moja la hapa kwetu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, vidole vya watoto vimekufa ganzi. Madirisha mengi hayana vioo, sweta lina matundu kwenye viwiko, penseli inateleza. Miezi hiyo usiweke utungaji kipindi cha kwanza. Uweke baada ya uji, au jua likishaingia darasani.

Hatua za kufuata

1. Chagua jambo ambalo watoto wote wameliona wiki hii.

Usiandike ubaoni "Safari ya mbugani" wala "Siku nisiyoisahau". Mtoto ambaye hajawahi kuiona mbuga ataazima sentensi za kitabuni. Chagua kitu kilichotokea: Fuso lilivyokwama kwenye tope, mama anavyosonga ugali, mvua ya mawe ya juzi, siku ya gulio. Kitu kiwe kidogo. "Kuchimba viazi" ni kikubwa bado. "Jembe lilipokata kiazi" ni saizi ya mtoto.

2. Waseme kwanza, wawili wawili, dakika 10.

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata siku moja. Mmoja anasimulia, mwenzake anasikiliza na kuuliza maswali mawili. Kisha wanabadilishana. Kama wote wawili wanaongea Kinyakyusa, waache mara ya kwanza wasimulie kwa Kinyakyusa, mara ya pili kwa Kiswahili. Kuna walimu watakaokushangaa kwa hilo. Darasa ni la Kiswahili, na kitakachoandikwa ni Kiswahili, lakini habari yenyewe mtoto aliiishi kwa lugha ya nyumbani, na huko ndiko inakotoka ikiwa nzima.

Wewe usikae mezani. Pita katikati ya madawati, sikiliza, uliza. Nikuonyeshe inavyokuwa. Binti mmoja wa darasa la nne aliwahi kuniletea hii:

*Mimi ni mwanafunzi wa darasa la nne. Siku moja nilienda shambani. Tulichimba viazi. Tulifurahi sana. Tulirudi nyumbani. Huo ndio mwisho wa insha yangu.*

Makosa ya tahajia hakuna hata moja, na habari pia hakuna. Nikachuchumaa pembeni ya dawati lake.

"Mlichimba na nani?"

"Na mama na bibi."

"Jembe likikata kiazi inakuwaje?"

Akacheka, akaficha mdomo kwa kiganja. "Bibi anagomba."

"Anasemaje?"

"Anasema hicho utakula wewe leo, kizima kinakwenda kwenye gunia."

Nikamwambia, "Kaandike hayo uliyoniambia sasa hivi." Alirudi na hii:

*Tulichimba viazi na mama na bibi. Udongo ulikuwa umelowa ukaganda kwenye miguu. Nikakata kiazi na jembe. Bibi akagomba akasema hicho utakula wewe leo kizima kinakwenda kwenye gunia. Jioni tukala vilivyokatwa.*

Alama za kunukuu hana, mkato hana, na ni insha. Hayo mengine yatakuja. Angalia swali lililofungua mlango: sikumwuliza "ulijisikiaje?", nilimwuliza jembe lilifanya nini na bibi alisema nini. Mtoto ukimwuliza alijisikiaje atakujibu "nilifurahi sana", siku zote.

3. Andika maswali matano ubaoni, yasimame hapo mpaka mwisho.

Nani walikuwepo? Ilikuwa wapi? Kilianza nini? Kikafuata nini? Nani alisema nini? Watoto wanahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kidole ambacho hakina jibu, hapo habari imetoboka.

4. Andikeni moja pamoja, mbele ya darasa zima.

Chukua makapeni na karatasi yako ya mfuko wa saruji. Watoto wanasema, wewe unaandika, na unafikiri kwa sauti. Wakisema "Gari lilikuja", uliza: "Gari gani?" "Fuso!" Kata neno *gari*, andika juu yake *Fuso*. "Lilikuja kufanya nini?" "Kupakia lumbesa!", yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Andika. Isome sentensi yote kwa sauti, kisha useme: "Hapa sijaridhika, *vijana walipakia* na tena *vijana walifunga*, neno limejirudia." Kata tena.

Mtoto wa kijijini anaona maandishi yaliyokwisha tu: kitabuni, kwenye tangazo, ubaoni baada ya mwalimu kuandika. Hajawahi kumwona mtu mzima akikosea, akikata, akianza upya. Anaamini wanaojua kuandika wanaandika mara moja sawasawa, na yeye akikosea anajiona hajui. Mwonyeshe unavyokata. Karatasi ikichafuka kwa mistari, somo limefundishwa.

Hapa ndipo pia pa kufundisha *li* na *ka*, na nakuomba ulikazie hili. Watoto wengi huandika *nilienda, nilichimba, nilirudi*, kila kitenzi kimesimama peke yake kama mtu aliyenuna. Lakini wakisimulia uwanjani hawasemi hivyo. Wanasema *nilienda, nikachimba, nikarudi*. Kitenzi cha kwanza kinabeba *li* kufungua tukio, vinavyofuata vinabeba *ka* kusukuma mbele. Waambie: *li* anafungua mlango, *ka* wanaingia kwa mstari. Chora mstari chini ya kila *ka* kwenye ile karatasi, darasa lizisome kwa sauti kubwa. Nimeona insha ya mtoto ikibadilika ndani ya wiki mbili kwa jambo hili peke yake.

Angalizo: ukimaliza, ikunje ile karatasi uifiche. Ukiiacha ukutani wakati wanaandika, utapata nakala 70 za Fuso.

5. Waandike peke yao, dakika 15, bila ufutio.

Kukosea ni kukata kwa mstari mmoja na kuendelea. Ufutio unakula dakika, unatoboa karatasi, na unamfundisha mtoto kuficha. Wakati wa rasimu pia hakuna kuuliza tahajia. Neno asilolijua aliandike anavyolisikia na apige mstari chini yake, baadaye mtaliangalia. Mkono ukinyooshwa, "Mwalimu, naomba kuuliza, *ng'ombe* inaandikwaje?", jibu lako ni moja: "Andika unavyosikia, weka mstari, endelea."

Na wewe andika. Kaa mahali wanapokuona, andika habari yako ya wiki hii kwenye daftari lako.

6. Wasomeane.

Kila mtoto anamsomea jirani yake kwa sauti ya chini. Sikio linakamata kilichosahaulika kuliko jicho. Msikilizaji anaruhusiwa maneno ya aina mbili: "Nimependa pale…" na "Sijaelewa pale…" Kucheka mwandiko wa mwenzake ni marufuku, na marufuku hiyo uisimamie kwa nguvu tangu siku ya kwanza.

7. Sahihisha kitu kimoja.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba madaftari yote nyumbani, nikakaa na taa mpaka saa sita usiku, nikaweka wino mwekundu kila mahali palipostahili. Nilidhani huko ndiko kuwajali. Asubuhi niliporudisha madaftari nilimwona kijana mmoja akilifungua lake, akaangalia ule wekundu, akalifunga taratibu na kulikalia. Hakuandika zaidi ya mistari mitatu mpaka muhula ulipoisha. Hadi leo nikishika kalamu nyekundu namkumbuka.

Sasa nafanya hivi. Kila wiki kuna kosa moja linalowindwa, na darasa linalijua kabla ya kuandika:

- wiki ya kwanza: herufi kubwa na nukta;
- wiki ya pili: kuunganisha na kutenganisha maneno, kama *anakula* na *ana kalamu*;
- wiki ya tatu: *li* na *ka*;
- wiki ya nne: *l* na *r*;
- wiki ya tano: rudi mwanzo.

Kosa la wiki nikiliona, siandiki jibu. Naweka nukta ndogo pembeni, kwenye mstari wenye kosa. Mtoto analitafuta mwenyewe na kulirekebisha. Makosa mengine nayaacha yapite, hata yakiniuma. Chini ya kazi naandika sentensi moja kuhusu habari yenyewe: "Nimemsikia bibi yako." Alama za mia kwenye rasimu siweki.

Kwa darasa la watoto 70, usibebe yote kwa siku moja. Madaftari 14 kila siku, safu kwa safu, Jumatatu hadi Ijumaa umemaliza.

8. Nakala safi, kisha ukutani.

Siyo kila wiki. Mara moja kwa mwezi mtoto achague habari yake moja, ainakili mbele ya daftari kwa mwandiko mzuri na kwenye karatasi ya kubandika. Ubandike za wote, hata fupi. Siku ya kikao cha wazazi utawaona wamesimama pale ukutani, wanawasomea wale wasiojua kusoma.

Mambo yanayoharibu kazi

Usitumie kuandika kama adhabu. Mtoto aliyeandika "Sitachelewa tena" mara mia moja Jumatatu, Jumanne hawezi kuipenda kalamu.

Usitoe fomula ya mwanzo na mwisho. "Mimi ni mwanafunzi wa darasa la nne" na "Huo ndio mwisho wa insha yangu" ni maneno tuliyowapa sisi. Waambie waanze pale jambo lilipoanza na waache pale lilipoisha.

Usimlazimishe anayetumia mkono wa kushoto kuhamia wa kulia. Mwekee nafasi mwisho wa dawati upande wa kushoto ili viwiko visigongane, na daftari lake lilale mshazari kuelekea kulia.

Usichanganye imla na utungaji. Imla ina kipindi chake.

Ukikwama

*Wanaandika "ana kula", "ni li kwenda", "kwasababu", "kwahiyo".* Hili ni kosa la wengi, hata watu wazima. Kwa vitenzi, wape jaribio hili: baada ya *ana*, kinachofuata ni kitu au ni tendo? *Ana kalamu*: kalamu ni kitu, tenganisha. *Anakula*: kula ni tendo, unganisha. *Kwa sababu* na *kwa hiyo* hayana jaribio rahisi, yanakaririwa. Yaandike kwa makapeni, yabaki ukutani mwaka mzima.

*Wanachanganya l na r: "kurara", "balabala".* Lugha nyingi za huku hazitenganishi sauti hizi mbili, kwa hiyo mtoto anaandika anavyosikia, tena kwa uaminifu. Usimcheke na usiruhusu achekwe. Wape jozi chache za kutamka na kuandika kila asubuhi: *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *mbali* na *mbari*. Jozi tatu kwa wiki zinatosha. Anayeongea Kinyakyusa ana jambo la ziada: lugha yake ina irabu saba, Kiswahili kina tano. Akisita kati ya *i* na *e*, au *u* na *o*, sikio lake linafanya kazi mno, wala siyo uzito wa akili. Mtamkie neno polepole mara mbili.

*Kila sentensi inaanza na "kisha".* Rudi kwenye *ka*. Mwambie akate *kisha* zote isipokuwa moja, asome tena.

*Sentensi moja ukurasa mzima, haina nukta.* Msomee kwa sauti bila kupumua mpaka ukose pumzi, darasa litaelewa mara moja. Kisha mwenye daftari asome mwenyewe, na kila anapovuta pumzi aweke nukta kwa penseli yake.

*Siku ya gulio nusu ya darasa haipo.* Usihamishe kipindi. Waliokwenda gulioni kesho yake ndio watakaokuwa na habari ya kusimulia; waanze wao hatua ya 2.

*Mzazi analalamika kwamba daftari ni chafu.* Ni malalamiko ya haki, daftari limenunuliwa kwa pesa ya viazi. Mwonyeshe mzazi nyuma na mbele: huku tunalima, huku tunavuna. Wakulima wanaelewa haraka.

*Mwalimu mwenzako anasema unachelewesha silabasi.* Mwalike akae nyuma ya darasa hatua ya 2 na ya 6. Msibishane ofisini.

*Mtoto haandiki kabisa.* Usimwandikie maonyo kwenye daftari. Kaa naye pembeni wakati wengine wanaandika, mwambie aseme sentensi moja tu, chochote, na uiandike wewe kwa penseli kama alivyoisema. Kesho yake anainakili chini yake. Siku ya tatu anainakili na kuongeza kitu, hata neno moja. Mvulana mmoja alinipa hii: *Mbwa wetu analala jikoni sababu nje baridi.* Nikaiandika hivyohivyo. Siku mbili aliinakili bila kuongeza lolote. Siku ya tatu, chini yake, kwa herufi kubwa zilizoinama, akaandika *PAKA PIA*. Mtoto wa namna hii mpe wiki tatu za kuanza na sentensi uliyomwandikia wewe, ndipo umwachie ukurasa mtupu.